Leo Sijawalisha

Keelung, 12 Oktoba 2003

Binti yangu Bi-yun,

Mvua haijambo, nasi tupo chini yake kama kawaida. Natumaini wewe na Shunji wako ni wazima huko kwenye barafu yenu, na mama mkwe wako ameacha kulalamikia goti. Mimi sina neno. Daktari kanitazama kooni, kaniambia nisirudi hadi mwakani. Lien wa chini anakusalimu. Bado anakaanga samaki wake wa kusaga wa kuuza tangu alfajiri, na harufu ya mafuta inapanda hadi ghorofani kwangu bila kupiga hodi. Siku ya kumkumbuka mama yako nilimchomea udi na kumwekea balungi, lile kubwa alilolipenda.

Shunji bado anauliza kwa nini sinunui simu? Mwambie mtu aliyetolewa zoloto, asiye na sauti, simu ni ya nini. Atakuwa anawahemea watu masikioni tu. Barua inatosha.

Sasa habari za watoto wangu wa kwenye kioo. Alizeti zangu, yale matumbawe ya tangini, zimenenepa. Mwambie mumeo, maana najua hajui: matumbawe mengine hukaa chini ya taa yakashiba mwanga, haya ya rangi ya chungwa hayataki taa, yanataka kulishwa. Tena kila kinywa kwa zamu yake. Ukilisha kimoja, jirani yake halambi hata chumvi. Mara mbili kwa wiki nayeyusha uduvi wa friza, nauvuta kwa bomba la sindano, nauachia taratibu juu ya minyiri yao, kinywa baada ya kinywa, hadi mgongo unakaza.

Juzi yule kamba mwekundu anayeishi nao tangini alipanda akaingiza mguu kinywani mwa tumbawe, akachomoa uduvi, kama mgeni asiye na haya anayekuondolea nyama kwenye bakuli. Nikakata chupa ya maji, nikaifanya kofia ya kuwafunika, nikawa nalisha kupitia tundu la juu. Kamba anazunguka nje anagonga! Nilicheka hadi tundu la koo likapiga filimbi.

Mwaka mpya mnakuja? Nimwambie Lien mapema, atengeneze keki ya mchele.

Baba yako,
Tian-lai


Asahikawa, 3 Novemba 2003

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya shangazi Lien, au labda ni pua yangu tu, siku hizi inanusa kila kitu. Huku theluji ya kwanza imeanguka. Goti la mama mkwe limepona, sasa ni zamu ya kiuno. Shunji anashinda karakanani akiranda viti. Jioni akivua koti, vumbi la mbao linamwagika kama anapukutika.

Kisa cha kamba nimemsomea, amecheka. Anauliza kama kofia ya chupa inaweza kumfaa mama yake wakati wa chakula. Usimwambie mtu.

Mimi nimeacha duka la mikate kwa muda. Kusimama kutwa kulinichosha. Si kitu, usianze kuwaza.

Mwaka mpya hatutaweza kuja, baba. Shunji ana kazi nyingi. Samahani. Mwambie shangazi anikaushie keki kidogo aitume.

Unakula vizuri? Sisemi uduvi.

Binti yako,
Bi-yun


Keelung, 24 Novemba 2003

Bi-yun, binti yangu,

Nakuamkia kutoka kwenye unyevu. Ukuta wa jikoni umeota ukungu wenye ramani ya nchi nzima. Lien hajambo, mwanawe kamletea mjukuu mwingine, kwa hiyo sasa hakuna amani ngazini.

Nimesikitika kwamba hamji. Basi.

Maji ya tangi yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Nimemwita Khoo, yule mwenye duka la samaki wa mapambo. Kaingiza pua, kanusa, kasema, "Mzee, unawashindilia chakula. Kinachobaki kinaoza chini." Nikamwandikia kwenye kibao: Mimi nimezamia chini ya magati ya bandari hii nikichomelea chuma wakati wewe unanyonya, alizeti hizi nimeziona zikiota kwenye nguzo, kila moja na mahali pake, huniambii zinakula nini. Akainua mikono. "Haya, mzee. Bandarini kuna bahari nzima ya kusafisha. Hapa kuna ndoo chache tu."

Mpumbavu. Mwizi ninamjua mimi. Yule kamba mwekundu! Hebu sikia alivyofanya: alipanda akaingiza mguu kinywani mwa tumbawe, akachomoa uduvi kama mgeni asiye na haya. Sasa nimekata chupa, nimewafunika kama kofia. Anazunguka nje anagonga. Ningekuwa na sauti ungenisikia nikicheka hadi huko.

Keki ya mchele nitaituma. Mwaka mpya mnakuja?

Baba yako


Asahikawa, 14 Desemba 2003

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Nimepata mafua kidogo. Shunji anapika; jana alijaribu supu ya tambi ya kwetu ikatoka gundi, tukaila hivyo hivyo.

Kisa cha kamba ulinisimulia tangu Oktoba, lakini nimecheka tena. Na kuhusu mwaka mpya, nilikwisha kukuandikia kwamba hatuji. Labda barua ilichelewa. Barua huchelewa.

Baba, siku za kulisha ni zipi? Zamani ilikuwa Jumatano na Jumapili. Bado ni hizo? Na jikoni, ukipika, unazima jiko? Nauliza tu, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akizima.

Usikasirike. Nilale sasa.

Bi-yun


Keelung, 2 Januari 2004

Bi-yun,

Sote wazima. Mvua ipo.

Leo Lien kapanda na uso wa matanga. "Kaka Tian-lai, binti yako amenipigia simu." Nikaandika: Kwani umekuwa posta? Akasema, "Kaniuliza unashuka mara ngapi kuchukua uduvi kwenye friza langu. Sikuweza kumdanganya." Nikaandika: Mara mbili kwa wiki, kama siku zote.

Akanitazama. Mwanamke huyu hajapata kukaa kimya tangu alipozaliwa, hata kwenye maziko ya mumewe aligombana na wapiga ngoma. Leo alinyamaza. Hilo ndilo lililonikera.

Ukitaka kujua habari zangu, niulize mimi. Nina kalamu.

Baba yako


Asahikawa, 18 Januari 2004

Baba, shikamoo, na heri ya mwaka mpya wa kalenda yetu ya mwezi, kabla haujaingia. Nakuandikia mapema ili ikufike ukiwa mezani. Shunji na mama yake wanakutakia afya.

Usimwonee shangazi Lien. Mimi ndiye niliyembana. Alilia kwenye simu, baba. Anasema asubuhi unashuka na kibao kimeandikwa "Leo sijawalisha", anakupa kipande cha uduvi. Kabla ya chakula cha mchana unashuka tena. Kibao ni kile kile, maneno ni yale yale, hata hujayafuta. Jioni tena. Mwanzoni alidhani unamtania, akawa anacheka na kukupa. Siku moja alikwambia, "Kaka, ulikwisha kuchukua," ukamtazama kama mtu aliyefungiwa mlango, akaona haya akakupa. Tangu hapo anakupa.

Nimemwomba akusindikize kwa daktari. Si yule wa koo. Mwingine. Nenda naye, tafadhali.

Ningeweza kuja ningekuja jana. Siwezi. Usiniulize kwa nini.

Bi-yun


Keelung, 6 Februari 2004

Bi-yun,

Nakusalimu. Mwaka mpya ulipita. Lien alileta bata na keki, tukala, wajukuu wake wakanimwagia maji ya machungwa.

Samaki wa tangini wamekufa. Wale wa buluu, na yule mwenye milia. Kamba naye. Nimemkuta kalala chali kwenye mchanga. Sikufurahi kama nilivyodhani. Alizeti nyingi zimejikunja, mifupa yao myeupe imetokeza pembeni.

Nikaona dawa ni maji mapya ya bahari. Nikachukua ndoo mbili, nikashuka hadi gati la magharibi, mahali nilipofanya kazi tangu ujana hadi mvi. Nikachota. Nilipogeuka kurudi, mvua ilikuwa imeuficha mji. Hivyo tu. Nikasimama kidogo nisije nikateleza. Askari mmoja wa bandari akaja, kijana mwenye heshima, akauliza, "Babu, unakaa wapi?" Kibao nilikisahau nyumbani, na bila kibao mimi ni bubu, nilikuwa nitamjibuje? Wakanipakia kwenye gari lao na ndoo zangu. Nusu ya maji ilimwagikia viti vyao. Wakampata Lien kwa harufu ya mafuta, nadhani.

Sasa usianze. Ni mvua.

Na mimi nina swali. Unaniuliza jiko, unaniuliza siku za kulisha, unaniuliza daktari. Mimi niambiwe nisiulize. Ni kazi gani ya mume inayomzuia mke asipande ndege kuja kwa baba yake? Amekukataza? Mmegombana? Sema. Nilikulea mimi, si barua.

Baba yako


Asahikawa, 23 Februari 2004

Baba, shikamoo.

Shunji hajanikataza kitu. Yeye ndiye anayenichana nywele siku hizi.

Nina mimba, baba. Mwezi wa sita sasa. Niko hospitalini tangu Desemba, nimelazwa miguu juu kichwa chini, na wauguzi hawaniruhusu kusimama hata kutazama dirishani. Mlango wa kizazi ni mlegevu, wanasema nikisimama mtoto atashuka. Mafua niliyokuandikia hayakuwa mafua.

Ni ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, ulikuwa hujui. Mama alijua. Ile ya pili nilimwambia mapema mno, akaanza kufuma soksi siku hiyo hiyo. Nilipompigia kumwambia imetoka, nilisikia sindano za kufumia zikianguka sakafuni. Niliapa safari hii sitamwambia mtu hadi nimshike mtoto mkononi. Halafu ukaanza kuniuliza mwaka mpya, mwaka mpya, na mimi nimelala hapa natazama dari.

Shangazi alinieleza ya gatini kabla barua yako haijafika. Nilijaribu kuinuka. Kweli nilijaribu, niliteremsha mguu mmoja, damu ikatoka, wakaja mbio. Shunji alinishika mkono, akasema, "Ukienda huko utampoteza huyu, na baba yako bado atakuwa amepotea." Nilimtukana. Ni kweli lakini.

Nifanye nini, baba? Niambie wewe.

Bi-yun


Keelung, 11 Machi 2004

Mwanangu,

Lala. Hilo ndilo jibu. Lala, usiteremshe mguu, wala usinijie.

Wewe umesema, sasa zamu yangu, na nina haraka kidogo kwa sababu asubuhi kichwa kinakuwa safi na mchana kinajaa ukungu.

Lien alinipeleka kwa daktari. Alikuwa binti mdogo, akaniambia nichore saa. Nikachora duara safi, fundi ni fundi. Namba zikajazana zote upande mmoja kama abiria wa meli inayozama. Nilijua si sawa, lakini sikujua niziondoe vipi. Akataja jina la ugonjwa, nikamwomba aniandikie, na kikaratasi nimekipoteza. Lien alicheka kwanza, halafu akajifanya anapenga kamasi.

Nakwambia ilivyo. Nasimama mbele ya tangi na bomba mkononi, sijui kama naanza au namaliza. Nikajifundisha kutazama mkono wa shati: ukiwa umelowa, nimekwisha kulisha. Lakini wewe unaijua Keelung. Hapa kila kitu kimelowa. Kwa hiyo nikawa naona vile vinywa vimefunguka vinangoja, na mimi sina hakika, na siwezi kuondoka nikaacha mwenye njaa. Aliyeshiba akila tena amedhulumiwa nini? Ndivyo nilivyofikiri kila mara. Nimewaua wote kwa fikra hiyo hiyo moja.

Jana Khoo alikuja na ndoo kuchukua kilichobaki. Aliingiza mkono hadi kwapani, akageuza geuza. "Mzee, haya ni mawe tu." Nikaandika: Tafuta. Akatafuta sana, sikutegemea. Upande wa nyuma akaona vinywa vichache bado vina rangi. Akavunja kipande, akakitia ndooni kwa mikono miwili. Akasema atakilisha mwenyewe. Nilitaka kumwelekeza jinsi ya kulisha, nikaandika mstari mmoja, nikasimama hapo. Sikujua mstari wa pili unaanzaje.

Tangi limekaushwa. Sebule imekuwa kimya, pampu ilikuwa na sauti kuliko mimi.

Mama yako hakuniambia. Nimekaa nalo hilo siku hizi. Simlaumu. Nalisahau, kisha nalisoma kwenye barua yako tena, na kila mara ni jipya.

Lala.

Baba yako,
Tian-lai


Asahikawa, 2 Aprili 2004

Baba, shikamoo.

Amezaliwa. Ni msichana. Kaja kabla ya wakati, wiki iliyopita, asubuhi ambayo theluji ilikuwa inayeyuka na maji yanatiririka mabombani. Ni mdogo, baba. Mguu wake ni kama kidole gumba cha Shunji. Anahema, lakini mara nyingine anasahau kuhema, mashine inalia, muuguzi anamkuna unyayo, anakumbuka.

Yuko ndani ya sanduku la kioo lenye joto. Hawezi kunyonya. Wamempitishia mrija mwembamba puani hadi tumboni, na muuguzi anashika bomba la sindano juu, hasukumi, anaacha maziwa yashuke yenyewe tone kwa tone. Mimi naruhusiwa kutazama. Siku moja waliniruhusu kulishika lile bomba, mkono ukatetemeka, nikalirudisha.

Mimi wameshanitoa. Yeye kabaki. Nakamua maziwa nyumbani, Shunji anayapitisha hospitalini akienda karakanani, yamezungushiwa barafu. Nyumba nayo imekuwa kimya. Daktari hasemi ataishi wala hasemi atakufa. Anasema, "Tumtazame." Basi tunamtazama, hakuna kingine.

Kwa hiyo siwezi kuja, baba, hata sasa ambapo naweza kusimama. Nimegawanyika na sina hata upande mmoja ninaoufaa. Shangazi Lien anasema unalala kwake siku za mvua, na mwanawe amefunga kengele mlangoni. Mshukuru kwa niaba yangu kila utakapokumbuka.

Hajapewa jina. Kwetu babu ndiye anayetoa jina, na mama mkwe amekubali, kwa kununa. Mpe jina, baba. Tutangoja.

Binti yako,
Bi-yun


Keelung, 13 Aprili 2004

Bi-yun, binti yangu,

Hongera! Hongera sana, wewe na bwana. Nimesoma barua yako asubuhi hii, nimempelekea Lien akaisoma kwa sauti mbele ya wateja, mama mmoja kasahau chenji yake akiwa analia. Nimemchomea mama yako udi na kumweleza, ingawa naona yeye huwa anajua kabla yangu.

Lien anasema nimekwisha kukujibu barua hii, kwamba jana alikwenda posta na bahasha yangu. Mimi sikumbuki, na huyo mwanamke ana maneno mengi. Inawezekana ni kweli. Lakini nikifikiri kwamba labda sivyo, na wewe uko huko unangoja neno la baba yako na halikuja, siwezi kuketi. Kwa hiyo naandika. Ikiwa umekwisha kuipata, hii itupe.

Usiogope kutetemeka. Shika bomba kwa mkono mmoja, na kifundo cha mkono huo kiegemeze kwenye mkono mwingine. Mikono yangu inajua hilo hata kama mimi sijui leo ni siku gani.

Jina aitwe An. Kwa maandishi yetu ni alama moja tu, mtoto mdogo asibebeshwe nyingi. Kwetu na kwa akina mumeo inasomeka sawa, na maana yake ni salama pande zote mbili za bahari.

Hongera, mwanangu.

Baba yako,
Tian-lai


Asahikawa, 9 Mei 2004

Baba, shikamoo.

Sisi tupo. Goti la mama mkwe limerudi, analitangaza kila asubuhi. Mtoto ameongezeka kidogo, kisha akapungua, kisha akaongezeka. Juzi walimtoa kwenye kioo wakaniwekea kifuani kwa muda mfupi, na sikuthubutu kupumua. Mrija bado uko puani. Daktari bado anasema tumtazame. Nalishika bomba sasa, kama ulivyonielekeza.

Shunji atakuja kwako mwishoni mwa mwezi, akae siku chache. Ndiye wa pekee kati yetu anayeweza kuondoka. Hamtagombana: wewe huna sauti na yeye hana lugha. Akikutazama sana usikasirike, mimi nimemtuma akutazame.

Barua zako zimefika nne, zikifuatana. Sikuitupa hata moja. Kila moja inanipa hongera kama ndiyo ya kwanza, na kila mara nimeipokea kama ya kwanza. Katika moja umeandika kwamba umemwambia mama mbele ya udi kuwa mimi bado nasoma shule. Katika ya mwisho jina la Shunji limekupotea, umemwita yule bwana wa mbao. Shunji aliniuliza nalia nini, sikuweza kumfasiria.

Cheti cha kuzaliwa tulikuwa tumekiandikisha bila jina. Karani alikunja uso, akasema watu hufika na jina. Tukamwambia linakuja, liko njiani. Mama mkwe alishaanza kuleta majina yake, nami niliogopa, baba. Nilipoona bahasha ya pili niliogopa kuifungua. Niliogopa zaidi ya tatu. Nilifikiri nitakuta majina manne, nisijue lipi ni lako.

Zote nne umeandika An.

Jana tumekwenda kuliandikisha.

Binti yako,
Bi-yun